Rafiki akiugua sana: mwongozo kamili wa zamu, daftari, safari ya Mulago na dawa ya maumivu

Rafiki akipatwa na maradhi mazito, simu yake hujaa wiki ya kwanza. Kila mtu anamwambia, "Ukihitaji chochote, niambie." Wiki ya nne simu iko kimya, mkewe amechoka hadi hajui leo ni siku gani, na siku ya dawa imepita kwa sababu nauli ilipungua shilingi 15,000.

Marafiki hao huruma wanayo. Kosa lao ni moja, na linarudiwa kila mahali: wamemwachia mgonjwa kazi ya kuomba. Mtu anayetapika tangu alfajiri hana nguvu za kufikiria nani anaweza kufanya nini, kisha ampigie simu, kisha amshukuru. Kazi hiyo mwondolee. Msaada uwe na siku, saa na jina la mtu.

Mwongozo huu unamlenga zaidi rafiki mwenye saratani anayeishi mbali, tuseme Arua, Koboko au Kasese, na kutibiwa katika Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, Kampala. Sehemu kubwa inamfaa pia anayesafishwa damu katika hospitali ya Kiruddu, Kampala, au aliyepooza nyumbani.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Daftari 1 la kurasa 96 lenye jalada gumu, na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Kalamu isiyofungwa haimalizi siku mbili.
- Faili la plastiki linalofungwa, la kuweka barua ya rufaa, majibu ya vipimo na picha za eksirei.
- Kipimajoto cha kidijitali na betri ya akiba.
- Sirinji 2 zisizo na sindano, ya mililita 5 na ya mililita 10.
- Boksi 1 la glavu, sabuni na jiki.
- Beseni 2: la kutapikia na la kuogea. Yasibadilishane kazi.
- Jerikeni la lita 5 la maji yaliyochemshwa, na chupa ya chai.
- Mkeka, blanketi na shuka mbili za kwenda nazo hospitali.
- Mito 3 au 4, na karatasi ya plastiki ya kutandika chini ya shuka.
- Watu 5 hadi 8 wanaoaminika. Wakiwa chini ya 5 watachoka. Wakizidi 8, kila mmoja atadhani mwenzake ameshafanya.

## Hatua ya 1: Omba ruhusa kwa watu wawili

Wa kwanza ni mgonjwa mwenyewe. Wa pili ni yule anayemuuguza, ambaye Waganda humwita omujjanjabi: anayelala chini kando ya kitanda, anayepika, anayekimbilia duka la dawa. Mara nyingi ni mke, dada au binti.

Ukimruka huyu wa pili, msaada wako atauona kama shutuma kwamba ameshindwa kazi. Atakupokea kwa adabu, na hakuna utakachoruhusiwa kugusa.

Uliza mambo matatu tu. Nani anaruhusiwa kujua ugonjwa wenyewe? Kazi gani inamlemea zaidi? Nani katika ukoo ndiye mwenye neno la mwisho? Usiulize ugonjwa umetokana na nini. Usiulize kama amepimwa virusi vya UKIMWI. Akitaka ujue, atakuambia.

Tahadhari: usipige picha ya mgonjwa kitandani ukaituma kwenye kundi la WhatsApp, hata kama nia ni kuchangisha. Picha hiyo haifutiki tena, na wanawe wataikuta. Kuchangisha kwa maneno kunatosha.

## Hatua ya 2: Fungua daftari

Daftari ndilo linalowaunganisha wauguzaji. Likikosekana, dawa hutolewa mara mbili, au haitolewi kabisa kwa sababu kila mmoja alidhani mwingine ametoa.

Ukurasa wa kwanza andika: jina la ugonjwa kama lilivyo kwenye karatasi ya hospitali, namba ya faili la mgonjwa, dawa zinazomdhuru, kundi la damu kama linajulikana, na namba nne za simu. Namba hizo ni za wodi au kliniki, za muuguzi wa hospisi (huduma ya kupunguza maumivu ya wagonjwa mahututi) au kituo cha afya cha karibu, za mwenye gari au boda boda anayekubali kutoka usiku, na za mwenye neno la mwisho katika ukoo.

Kurasa zinazofuata zigawe safu tano: tarehe, saa, alichopewa, hali yake, jina la aliyempa. Mfano wa mstari uliojazwa vizuri (mofini ni dawa ya maumivu, tutaifikia Hatua ya 7):

*12/3, saa 4 asubuhi, mofini ya kijani mililita 5, maumivu 6 kati ya 10, Zaituni.*

Mstari kama "amekunywa dawa, hajambo" haumsaidii daktari hata kidogo. Dawa gani? Kiasi gani? Hajambo akilinganishwa na lini?

Ukurasa wa mwisho uwe wa maswali ya kumuuliza daktari. Yaandike yanapokujia. Ukisubiri hadi chumba cha daktari utayasahau, maana foleni ni ndefu na muda wa kuonana naye ni dakika chache.

## Hatua ya 3: Gawa zamu

Orodhesha kazi zote za nyumba ile kwa wiki nzima, hata ndogo. Marafiki wengi hukimbilia kutembelea na kuleta matunda. Kazi zinazomlemea muuguzaji ni nyingine kabisa: maji, kufua shuka zilizotapikiwa, kuwaamsha watoto waende shule, kupalilia shamba, kukaa naye saa mbili ili yeye aoge na kulala.

Shamba ndilo husahaulika. Mvua ikianza na jembe la nyumba ile likalala, miezi minne baadaye kuna njaa juu ya ugonjwa. Watu wanne wakilima asubuhi mbili wanaweza kuwaokoa msimu mzima.

Kila mtu apewe kazi moja, siku moja, na kazi za kawaida zisizidi saa mbili. Usimpe mtu kazi tatu kwa sababu amejitolea kwa moyo wiki ya kwanza. Moyo ule hupoa, na kazi tatu zinaanguka pamoja. Ratiba ya kuanzia inaweza kuwa hivi:

- Jumatatu: Rajabu, maji jerikeni 6 za lita 20.
- Jumatano: Zaituni, kufua na kuanika.
- Alhamisi: mama Amina, kukaa na mgonjwa kuanzia saa 8 hadi saa 10 mchana.
- Jumamosi: vijana wawili, shamba.
- Siku ya kliniki: mtu mmoja wa kusindikiza na mmoja wa kulala na watoto.

Mtu mmoja awe mshika zamu. Jioni ya kuamkia zamu atume ujumbe mfupi: "Dada Zaituni, kesho Jumatano ni zamu yako ya kufua. Ukibanwa nijulishe kabla ya saa 12 jioni nimwombe mwingine." Anayeshindwa amwambie mshika zamu. Asimwambie mgonjwa kamwe, kwa sababu mgonjwa ataanza kujiona mzigo.

Utajua imekaa vizuri pale wiki tatu zikipita bila nyumba ile kupiga simu hata moja ya kuomba maji.

## Hatua ya 4: Anzisha mfuko mdogo unaodumu

Harambee moja kubwa huleta pesa nyingi mara moja, zikaisha kabla ya mzunguko wa pili wa dawa. Matibabu ya saratani huchukua miezi mingi. Heri watu 8 wanaotoa shilingi 20,000 kila mwezi. Hiyo ni 160,000 ya uhakika, na muuguzaji anaweza kuipangia.

Gawa pesa katika mafungu matatu yasiyoingiliana: nauli, dawa na vipimo visivyopatikana hospitali, na chakula cha anayeuguza. Fungu la tatu watu huliona la anasa. Si anasa. Muuguzaji aliyeshinda na chai tupu ndiye anayekosea kipimo cha dawa usiku.

Anayeshika pesa asiwe yule anayenunua. Kila risiti ipigwe picha na kubandikwa kwenye daftari. Ukituma kwa simu, ongeza ya kutolea: juu ya ada ya kampuni kuna kodi ya serikali ya asilimia 0.5 kwenye kila pesa inayotolewa. Ukituma shilingi 50,000 kavu, anayepokea hapati 50,000 mkononi, na nauli ikipungua kidogo basi halimngoji.

Angalia kalenda ya shule. Mwanzo wa kila muhula wachangiaji wenyewe wana karo za watoto wao, na mfuko hukauka. Miezi ya kabla yake weka akiba ya nauli ya safari mbili, na isiguswe.

Tahadhari: usichukue namba ya siri ya simu au kadi ya benki ya mgonjwa, hata akikupa mwenyewe. Siku pesa ikikosekana, urafiki wa miaka 20 utaisha kwa tuhuma, na hutakuwa na ushahidi wa kujitetea.

## Hatua ya 5: Safari ya hospitali

Kutoka Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500, kupitia Pakwach na Karuma. Mgonjwa afike siku moja kabla ya miadi. Anayeshuka basi alfajiri na kwenda moja kwa moja kwenye foleni huwa amechoka na ana kiu, mishipa haionekani kirahisi, na hata majibu ya damu yanaweza kuathirika.

Siku mbili kabla, pitia faili: barua ya rufaa, kitambulisho cha taifa, majibu ya kinyama kilichokatwa kupimwa, picha, na daftari. Piga picha kila karatasi kwa simu yako. Kopi zibaki nyumbani. Faili likipotea bila kopi, vipimo vingi huanza upya, na vingine ni vya kulipia.

Ndani ya basi mgonjwa akae kiti cha pembeni mwa njia, karibu na mlango. Mfuko wa kutapikia uwe mkononi, usiwe ndani ya begi. Asipande akiwa na njaa wala akiwa ameshiba sana: uji kikombe kimoja saa mbili kabla unatosha.

Tatizo la malazi litatue kabla ya safari. Wauguzaji wengi hulala kwenye veranda na korido. Siku ya kwanza tu, uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kama kuna nafasi ya kulala kwa wanaotoka mbali.

Kwa daktari, soma maswali yako kwenye daftari, kisha rudia majibu kwa sauti: "Kwa hiyo tunarudi tarehe 9, na homa ikipanda tusisubiri. Ndivyo?" Akikusahihisha, andika hapo hapo.

### Damu

Jambo hili hukwamisha matibabu mengi na marafiki wanaweza kulisaidia bila shilingi. Mwenye saratani huhitaji damu mara kwa mara, pamoja na zile chembe ndogo zinazogandisha damu, ambazo zikishatolewa hudumu siku chache tu. Watu wa zamu wenye afya wajiandikishe kuchangia katika Huduma ya Damu ya Uganda, Nakasero, au kituo chake cha kanda. Mwanaume aweza kutoa kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Msiende wote wiki moja. Pangeni wawili wawili, ili mwezi ujao pia awepo wa kutoa. Na damu haiuzwi: anayekuomba pesa ya chupa ya damu, mripoti kwa uongozi wa wodi.

## Hatua ya 6: Siku 14 baada ya dawa ya saratani

Hapa ndipo wagonjwa hufa kwa kitu kilichozuilika. Soma sehemu hii mara mbili.

Dawa ya saratani hushusha chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili. Kwa dawa nyingi, hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14. Siku hizo mgonjwa anaweza kuonekana amepata nafuu, kichefuchefu kimeisha, anacheka. Wakati huo huo hana kinga.

Pima joto asubuhi na jioni, na wakati wowote akitetemeka au kusema anasikia baridi. Likifika nyuzi 38, hiyo ni dharura. Aondoke nyumbani saa ile ile, hata kama ni saa 8 usiku. Usimpe kwanza panado uone kama itashuka: itashuka, lakini maambukizi yataendelea ndani ya damu bila ninyi kujua. Usidhani ni malaria ya kawaida ukaenda duka la dawa.

Kosa linaloua ni kupanda basi la Kampala na homa. Saa nane hadi kumi za barabarani ni nyingi mno. Mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu, kama ile ya Arua, na kwenye meza ya mapokezi sema hivi kabla ya kitu kingine: "Alipewa dawa ya saratani tarehe fulani, leo ana joto la 38 na nusu." Onyesha daftari. Bila sentensi hiyo atakaa kwenye foleni ya homa za kawaida.

Mambo mengine ya siku hizo:

Wageni. Wawili kwa wakati mmoja, dakika 20, mikono ioshwe kwa sabuni mlangoni. Mwenye mafua au mtoto anayekohoa abaki nyumbani, na asione amefukuzwa. Weka jerikeni la maji na sabuni nje ya mlango. Mgeni akiliona, ataelewa bila kuambiwa.

Taka za mwili. Kwa saa 48 baada ya dawa, matapishi, mkojo na kinyesi huwa na masalio ya dawa. Vaa glavu, mwaga chooni, suuza beseni mara mbili, fua shuka peke yake. Mjamzito asifanye kazi hii.

Chakula. Kiwe kimepikwa siku hiyo hiyo na kiwe moto. Kachumbari, maziwa mabichi na kiporo aachane navyo kwa muda. Akishindwa sahani nzima, mpe kidogo kila baada ya saa mbili au tatu. Uji wa mtama uliokorogwa na kijiko kikubwa cha odi, ile siagi ya karanga na simsim, una nguvu kuliko sahani ya matoke atakayoila nusu. Akisema chakula kina ladha ya chuma, badilisha kijiko cha chuma umpe cha plastiki, na ukamulie limau kama mdomo hauna vidonda.

Vidonda vya mdomo. Nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa. Asukutue kila baada ya kula na kabla ya kulala, kisha ateme. Mswaki uwe laini. Madoa meupe yakitanda kwenye ulimi, au akishindwa kumeza hata maji, arudi kliniki.

Kuhara. Paketi za maji ya chumvi na sukari zipo kituo cha afya. Zikikosekana, changanya lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi ikizidi inadhuru, kwa hiyo onja: isizidi chumvi ya machozi.

Mitishamba. Kila mgeni atakuja na chupa yake. Usigombane naye, pokea na ushukuru. Mgonjwa asinywe hadi daktari ameulizwa, kwa sababu baadhi ya miti huchosha ini ambalo tayari linahangaika na dawa. Maombi na dua hazigongani na dawa. Anayesema lazima uchague kimoja, huyo asipewe zamu.

## Hatua ya 7: Maumivu yasingojwe

Mofini ya kunywa hutolewa bure Uganda, kupitia hospitali za umma na hospisi. Tangu 2004 si madaktari peke yao wanaoiandika: wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa, wanaruhusiwa pia. Kwa hiyo uliza katika hospitali ya wilaya kabla ya kudhani lazima uende Kampala. Hospice Africa Uganda iko Makindye, na ina matawi Mbarara na Hoima.

Dawa yenyewe ni maji ndani ya chupa ya plastiki, na rangi ndiyo inayoonyesha nguvu yake. Ya kijani ina miligramu 5 katika mililita 5. Nyekundu ina miligramu 50 katika mililita zile zile 5. Yaani kijiko kile kile, nguvu mara kumi. Kila mnapopewa chupa mpya, ishike kwenye mwanga, tazama rangi, soma karatasi iliyobandikwa, linganisha na daftari. Rangi ikiwa tofauti na ya mara iliyopita, usimpe hata tone hadi umpigie muuguzi aliyeitoa.

Namna ya kumpa:

1. Mimina kidogo kwenye kikombe safi. Usichovye sirinji ndani ya chupa.
2. Vuta hadi mstari ulioandikiwa, shikilia sirinji usawa wa macho. Ukiona kipovu cha hewa, rudisha, vuta tena.
3. Mgonjwa akae au ainuliwe kichwa. Elekeza sirinji ndani ya shavu, sukuma polepole. Ukilenga koo atapaliwa.
4. Andika saa kabla hujaweka sirinji chini.

Hutolewa kila baada ya saa 4, maumivu yawepo au yasiwepo: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, saa 4 usiku. Mara nyingi mwandishi wa dawa huelekeza kile cha saa 4 usiku kiwe maradufu, ili mgonjwa asiamshwe saa 8. Fanya hivyo pale tu karatasi inaposema. Wengi hukosea kwa kusubiri alie ndipo wampe. Maumivu yaliyokwisha kupanda yanahitaji dawa nyingi zaidi kuyashusha.

Siku 2 au 3 za kwanza atasinzia, wakati mwingine kwa sababu tu ndiyo mara ya kwanza amelala baada ya wiki nyingi. Kufunga choo hakupiti kwenyewe, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ile ile ya mofini. Siku 3 bila choo, mpigie muuguzi.

Hatari: haamki ukimtikisa, au anavuta pumzi chini ya mara 8 kwa dakika. Usimpe nyingine. Kimbia kituo cha afya na chupa mkononi. Vilevile usiikate ghafla baada ya wiki nyingi za kutumia, maana mwili utaparaganyika.

Utasikia watu wakisema mofini ni dawa ya kumalizia mtu. Kipimo kinachoandikwa kufuata maumivu hakimuui mgonjwa. Kinampa nafasi ya kula, kulala, na kuongea na watoto wake. Hilo lirudie kwa wazee wa ukoo mapema, kabla hawajaificha chupa.

Chupa ikae mahali pa baridi, mbali na jua, imefungiwa, watoto wasiifikie.

## Hatua ya 8: Asiyeweza kujigeuza kitandani

Mgeuze kila baada ya saa 2: ubavu wa kulia, mgongo, ubavu wa kushoto. Watu wawili wamwinue kwa shuka, wasimburute, kwa sababu kuburuta ndiko kunakochana ngozi. Weka mto kati ya magoti, na mwingine chini ya miundi ili visigino vielee, visiguse godoro. Mpira wenye tundu wa kukalia usimpe, unabana damu pembezoni.

Kagua kila siku makalio pale juu ya mfupa, nyonga, visigino, mabega na masikio. Kwenye ngozi nyeusi usingoje wekundu. Tafuta doa lililokolea kuliko ngozi ya jirani, lenye joto au lililokakamaa, ambalo halibadiliki ukilibonyeza. Ukiliona, asilalie upande huo tena na usilisugue. Kidonda kikianza kutoa harufu, mwite muuguzi. Ipo dawa ya kuondoa harufu, na mgonjwa asiachwe aone watu wakikunja pua.

## Hatua ya 9: Maneno

"Utapona tu" humfunga mdomo mgonjwa anayetaka kusema anaogopa. "Jipe moyo" humwongezea kazi. Na habari za jirani aliyekufa kwa ugonjwa huo huo, ziache nje ya mlango.

Anza na "Umelalaje?" Kisha nyamaza, usimjibie. Akisema vibaya, jibu "Pole, usiku ulikuwa mrefu," halafu subiri tena. Kimya cha dakika mbili kinatisha mgeni kuliko mgonjwa. Ukikosa neno, sema, "Nimekuja kukaa tu. Ukitaka kulala, lala, mimi nipo." Mletee pia habari za kawaida: nani ameoa, mpira uliishaje, bei ya samaki imefika wapi. Bado ni rafiki yako, na amechoka kuwa ugonjwa mchana kutwa.

Ukiaga, taja siku ya kurudi, na urudi siku hiyo. Kama hujui utarudi lini, usitaje siku.

## Hatua ya 10: Anayeuguza

Mara moja kwa wiki alale usiku mzima mahali pengine, mtu wa zamu akibaki na mgonjwa na daftari. Atakataa mara ya kwanza na ya pili. Endelea kumwambia. Muulize kuhusu shinikizo lake la damu na dawa zake mwenyewe, maana wengi wao huziacha wakiuguza.

## Hatua ya 11: Matibabu yakikoma

Daktari akisema dawa haifanyi kazi tena, zamu zisivunjike. Wiki hizo ndizo zenye kazi nyingi kuliko zote.

Swali la kwanza ni wapi anataka kuwa, nalo aulizwe angali na nguvu za kusafiri. Kumrudisha mtu hai Arua kwa gari ni nauli ya kawaida au kukodi. Kuusafirisha mwili ni gharama nyingine kabisa, na familia nyingi huuza ardhi kwa ajili yake. Rafiki anaweza kulisema hili pale ambapo ndugu wanaogopa kuonekana wamemkatia tamaa. Liseme kwa mwenye neno la mwisho, faraghani, mchana, bila haraka: "Mzee, tumuulize mwenyewe kama anataka kuwa nyumbani, angali anaweza kukaa kwenye gari."

Kabla ya kuondoka Kampala chukueni mofini ya kutosha, barua ya kituo cha afya au hospisi ya karibu na nyumbani, na muhtasari wa matibabu ulioandikwa. Mjulishe mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) ili asiwasumbue anapoona gari la usiku. Mambo ya wosia, madeni na nani atabaki na watoto yaandikwe yeye mwenyewe akiwapo, mbele ya mashahidi wa pande zote mbili za ukoo.

Akiacha kula siku za mwisho, asilazimishwe. Lowesha midomo kwa pamba yenye maji, mpake mafuta, mgeuze, na dawa ya maumivu iendelee kwa saa zake.

Akifariki, mshika pesa asome hesabu mbele ya wachangiaji wote, na kilichobaki kiende kwa watoto. Zamu za maji, shamba na shule ziendelee miezi 3 mingine kwa ratiba ile ile. Mofini iliyobaki isimwagwe wala kuwekewa mgonjwa mwingine mtaani: ipelekeni kwenye hospitali au hospisi iliyoitoa, pamoja na daftari la saa.